Samaki Aliyekataa Bugali Yangu

Mimi naitwa Adelaïde, na muntu ninayetaka kuwasimulia ni Théogène wa Karuba, mume wa dada yangu Dancille. Ni shemeki wangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumucheka mupaka siku ya kufa kwangu, na yeye ana ruhusa ya kunijibu. Basi muntu asiniambie eti ninasengenya. Yote nitakayosema hapa nimeshamwambia usoni, tena zaidi ya mara moja.

Théogène ni mwembamba, shingo ndefu, na anatembea kama muntu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Hata akiwa mikono mitupu anatembea vile vile. Miaka saba alikuwa mulinzi wa etangi, yale mabwawa ya kufugia samaki, kwenye stasio ya kilimo chini ya kilima chetu. Bwana wake alikuwa agronomu mumoja muzungu, mutaalamu wa kilimo. Théogène alifungulia maji, akafunga maji, akafukuza ndege, akatia majani na mavi ya ng'ombe kwa kipimo, na jioni alirudi nyumbani ananuka matope. Alipenda ile kazi kuliko muntu anavyostahili kupenda kazi.

Mwaka wa 1960, uhuru ulipoingia, yule agronomu alifunga masanduku yake kwa siku mbili. Mbele ya kupanda gari aliwaambia wafanyakazi kila mumoja achukue kitu. Ee, siku ile! Symphorien, katekista wetu, alichukua kinga, baiskeli yenye taa mbele na kengele, na mupaka leo anaipanda kama askofu. Mupishi alichukua kitanda pamoja na matela yake, godoro nene. Mwingine alichukua milango mitatu, na nyumba yake ina mulango mumoja. Na shemeki wangu? Alirudi jioni na ule mwendo wake, na safari hii kweli alikuwa amebeba kitu cha kumwagika. Ilikuwa sanduku ya vioo, urefu wake kama mukono wa muntu mukubwa, na chini yake maji kidogo na samaki watano wadogo wa tilapia.

Dada yangu aliitazama ile sanduku mbele na nyuma.

"Na matela?" akauliza.

"Matela ilichukuliwa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta hii."

Dancille akaingia jikoni akalia. Mimi nilicheka mupaka nikakaa chini.

Lakini Théogène alikuwa na akili yake. Mvua za mwezi wa kumi zilibomoa mufereji wa stasio, hakuna aliyeutengeneza, etangi zikakauka, na samaki wote waliliwa kwa wiki moja. Kwa hiyo wale watano ndani ya vioo njo waliobaki katika vilima vyetu vyote. "Nitachimba etangi yangu mwenyewe kule bondeni," alisema. "Hawa njo mbegu." Na kweli alianza kuchimba, kila asubuhi saa mbili, peke yake na jembe moja. Watu wakipita wanamuuliza kama anachimba kaburi la tembo.

Mimi nilijua sababu, ingawa haikusemwa. Mutoto wao wa kwanza, Raphaël, alikufa na bwaki mwaka wa 1958. Alikuwa na miaka miwili, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba, na kule dispansere walisema anakosa nyama ao samaki. Anakosa samaki, na baba yake anashinda akilinda samaki! Lakini samaki wa stasio walikuwa wa stasio, kila mumoja ameandikwa. Théogène hakuchukua hata mumoja. Sijui kama alijisamehe, mimi sikumuuliza, na Dancille tangu siku ile hakuzaa tena.

Bon. Turudi kwenye sanduku, maana hapo njo vichekesho viliko.

Yeye aliiita akwariyumu. Aliiweka chumbani, kwenye ukuta wa upande wa moto, sababu baridi ya Karuba haipendwi na tilapia, na juu yake akatundika dumu la mawese, bidoni, aliyoiosha na kuitoboa matundu chini kwa musumari. Ndani ya bidoni alipanga chini muchanga wa mutoni, katikati makala, yale makaa ya kupikia, yaliyopondwa, na juu mawe meusi ya volkano, yale yenye matundu-matundu. Mawe yale aliyafuata kwa miguu karibu na Mubambiro. Njiani askari walimusimamisha, wakamwaga gunia lake, wakayageuza mawe moja moja. "Unapeleka wapi?" "Nyumbani." "Kwenu hakuna mawe?" Walimuachilia wakicheka, na habari ikafika Karuba mbele yake.

Asubuhi, saa sita na jioni, Théogène anachota maji ya samaki kwa kikombe, anamimina juu ya mawe, maji yanapita ndani na kurudi chini tone kwa tone. Ukimuuliza sababu, umekwisha. Atakukalisha.

"Sikia, shemeki. Samaki anakunya ndani ya maji yake. Chakula kinabaki, kinaoza. Hiyo inakuwa sumu. Sasa hapa juu ya mawe kunaota utelezi. Huo utelezi ni kitu kizima, unakula ile sumu. Mimi niliungojea wiki sita mupaka ukaota."

"Kwa hiyo uchafu unaosha uchafu."

"Hapana kucheka. Ukishakula sumu unaacha kitu kingine, kinaitwa nitarati." Hapo anasimama kidogo ili lile neno likuingie. "Nitarati kidogo haina neno. Ikizidi, samaki anachoka, hakui, vioo vinaota kijani. Na nitarati, mawe hayaiwezi. Inaondolewa na ndoo tu."

Basi kila siku ya Posho, yaani Jumamosi, kama vile wengine wanavyoenda kuungama, Théogène alitoa maji sehemu moja ya tatu na kurudishia maji ya mvua yaliyolala ndani ya nyumba siku mbili ili yapate joto. Mbele ya hapo alichota kidogo katika kikombe cheupe, akakiinua mulangoni, akaangalia rangi, akanusa, akafunga macho. Agronomu alimuachia kachupa ka dawa kalikokuwa kanageuza rangi ya maji na kuonyesha nitarati ni ngapi, lakini kalikwisha kwenye Noeli. Tangu hapo pua yake njo ilikuwa dawa. Wazee wetu wanaonja pombe ya ndizi kwa haraka kuliko yule muntu alivyonusa maji ya samaki.

Maji ya zamani Dancille aliyamwaga kwenye lenga-lenga zake, michicha ya nyuma ya nyumba. Yesu wangu, zile lenga-lenga! Zilifika kiunoni, majani mapana, majirani wakaanza kupita wakiangalia pembeni. Hapo dada yangu akaanza kusamehe habari ya matela.

Shida ilikuwa moja tu, na shida hiyo ilikuwa sisi. Kwetu hakuna anayekula akitazamwa. Ukiwa unakula na muntu akapita mulangoni, unamuita. Akikataa, unamuita tena. Akikataa mara ya tatu, unaanza kujiuliza anakufikiria nini, ao anaogopa umemutilia kitu. Sasa fikiria umekaa kwenye kiti kifupi na sahani yako, na hapo karibu na goti lako kuna wageni watano, macho wazi, midomo inafunguka na kufunga. Nani anaweza kumeza? Kila aliyeingia mule ndani alimega kipande akatupa. Wiki mbili za kwanza maji yalikuwa kama ya kuoshea sahani. Ikabidi Théogène achukue kikwembe cha Dancille, nguo yake ya kujifunga, na kila saa ya kula akafunika sanduku.

"Shemeki!" nikamwambia. "Unafunika wageni macho ili ukule peke yako?"

"Ndiyo," akajibu, "na wewe ningekufunika kama ningepata kikwembe cha kukutosha."

Tulikaa hivyo mwaka mumoja na nusu. Samaki wakakua. Etangi bondeni ikafika kifuani kwa mwenye kuchimba.

Mwezi wa pili wa 1962 habari ikafika kwamba kaka yake Pierre, aliyeoa kule Walikale, ameangukiwa na muti akavunjika muguu, na hakuna wa kumusaidia kujenga tena nyumba. Théogène akafunga mukoba. Siku nane, alisema, na atarudi na majani ya majini ya mito ya kule pori, yenye kunywa nitarati kama watoto wanavyonywa maziwa. Hata kwa kaka aliyevunjika alikuwa anafikiria nitarati.

Dancille alikuwa na maharagwe ya kuvuna, shamba mbali. Mimi nilikuwa nimeteguka muguu, siwezi kupanda kilima, basi nikaja kukaa nyumbani kwao na kupika. Asubuhi ya kuondoka, Théogène aliniita mbele ya vioo.

"Unaona huyu jike mukubwa? Huyu usimupe kitu. Hata punje. Wale wengine Dancille atawapa kidogo mara moja kwa siku, anajua. Huyu hapana."

"Amekosa nini?"

"Hakukosa. Usimupe tu."

"Sababu gani?"

Akaangalia chini. "Adelaïde, tafazali."

Hakuniita shemeki, aliniita jina. Mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilisema "ndiyo, ndiyo" na nikafikiri muntu huyu ameanza kuwa muchoyo hata kwa samaki.

Basi akaenda. Dancille akaenda shambani. Nikabaki mimi, muguu wangu juu ya kiti, na samaki.

Nikamuangalia yule jike. Alikuwa pembeni peke yake, kidevu kimevimba, mashavu yamejaa, mudomo umefungwa kabisa. Aka! Mimi ule uso naujua. Ni uso wangu. Nikimununia mume wangu ninakaa vile vile, pembeni, mashavu yamejaa, sisemi, sili, mupaka aombe musamaha. Nikasema, huyu mwanamuke amenuna. Amenyimwa chakula mbele ya wenzake, sasa amenuna, na haki iko yake.

Nikatoa kikwembe. Nikamega bugali kidogo, nikatia. Dume akaja mbio akachukua. "Si wewe," nikamwambia. Nikatia kingine, karibu na mudomo wa jike. Akakiangalia. Akaniangalia. Akanigeuzia mukia.

Hapo damu ikanipanda. Mimi Adelaïde, bugali yangu inajulikana mupaka Ngungu, watu wanasifu mukono wangu kwenye harusi, na samaki ananigeuzia mukia? Kwani mimi ni mulozi? Nikatia maharagwe yaliyopondwa. Hapana. Nikatia sombe, majani ya muhogo. Hapana. Nikamutafunia ndakala, dagaa wakavu, nikifikiri labda anataka nyama ya kabila yake. Hapana! Kila nilichotia, wale wengine walikula kidogo na kingine kikaenda chini.

Siku ya pili Symphorien akapita kuniuliza hali ya muguu. Nikamuonyesha. Akavua kofia, akainama, akamuangalia yule jike kwa huruma. "Anaumwa," akasema, "lakini labda kwa mukono mwingine." Akamega bugali, akaifanyia ishara ya musalaba, akaitia. Hata ya katekista alikataa! Symphorien akaondoka, hakupiga hata kengele ya kinga.

Dancille jioni alirudi amechoka, mgongo unamuuma, aliangalia sanduku mara moja katika mwangaza mudogo wa moto na kulala. Siku ya Posho ikafika na kupita, hakuna aliyetoa maji. Kumimina maji juu ya mawe nilimimina, mara moja, ao mbili, nikikumbuka.

Siku ya tatu maji yakawa meupe. Upande wa pili wa vioo hauonekani tena. Na harufu, mama yangu! Nikainuka kwenye muguu mumoja, nikachungulia ndani ya bidoni, nikaona mawe yote yamejaa utelezi wa rangi ya kahawa. Nikasema, hii hapa. Hii njo inachafua. Nyumba ya dada yangu haitasemwa vibaya mimi nikiwemo. Nikashusha bidoni, nikatoa mawe, nikachukua sabuni na majivu, nikasugua.

Nilikuwa nimefika nusu Dancille aliporudi. Alinikuta nimekaa mulangoni, povu mupaka kwenye viwiko, mawe kumi na mawili yanang'aa kwenye jua. Nilitegemea aksanti.

"Adelaïde," akasema pole pole, "unafanya nini?"

"Ninaosha."

Akaninyang'anya bidoni. Aliingia ndani, na mimi nikasikia sauti ambayo sikuisikia tangu 1958. Haikuwa kubwa. Niliruka kwenye muguu mumoja mupaka ndani. Dume alikuwa ubavu juu ya maji. Jike mumoja mudogo pia. Wale watatu waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo kwenye hewa, na jike yangu ya kununa alikuwa amefungua tu kidogo, kidogo sana, kama muntu anayevuta hewa kwa tundu la mulango.

Nikasema kitu cha upumbafu. Nikasema: "Basi hawa wawili tuwapike?"

Dancille akanigeukia. Alinitazama tu, na hayo macho siwezi kuyaeleza, niliona haya mupaka kwenye mifupa. Dume alikuwa mumoja tu. Sasa hakuna dume. Hata mimi niliyekuwa nacheka kila siku nilijua maana yake ni nini kwa shimo lile bondeni, na kwa ule mwaka wote na nusu wa kuchimba.

"Chukua ndoo," dada yangu akasema.

Kumbe mwanamuke aliyelia sababu ya matela alikuwa anasikiliza kila neno. Tulitoa sehemu moja ya tatu ya maji, na yale mabaki yote chini tukayavuta kwa bua la boga. Tulitia maji ya mvua yaliyolala. Mawe niliyoyaosha akayatupa mbali, yale ambayo sikuyafikia akayarudisha na utelezi wake, akiyabeba kwa viganja viwili. Kisha tukamimina. Kikombe kwa kikombe, juu ya mawe, maji yashuke tone kwa tone, tuanze tena. Dancille aliacha maharagwe shambani. Akichoka yeye, mimi; nikichoka mimi, yeye. Kesho yake tukatoa tena moja ya tatu, tukamimina tena. Chakula, hakuna. Kikwembe kilikaa juu ya sanduku mchana kutwa, na sisi wenyewe tulikula muhogo uliobaki, tumesimama nje. Muguu wangu ulivimba kama boga na sikuthubutu kulalamika. Siku ya tatu ya kumimina nikaona kidole cha Dancille upande wa pili wa vioo. Samaki walishuka kutoka juu. Yule jike alirudi kwenye pembe yake na kununa kwake.

Siku ya nane Théogène akatokea njiani na ule mwendo, furushi la majani ya ndizi mikononi, linavuja. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa na sababu saba, zote nzuri. Ya kwanza ilikuwa muguu wangu, ya mwisho ilikuwa Symphorien. Alipoingia na kuona watatu badala ya watano, zote saba zikanitoka.

"Ni mimi," nikasema. "Dancille hana kosa. Nilimulisha. Ulinikataza na mimi nikamulisha, kwa nguvu, siku tatu."

Akapiga magoti mbele ya vioo. "Alikula?"

"Alikataa kila kitu!" Nikakasirika upya, siwezi kudanganya. "Bugali, maharagwe, ndakala! Alikataa hata ya Symphorien!"

Théogène akaweka paji la uso juu ya kioo akaanza kucheka. Alicheka mupaka mabega yakatikisika, na baadaye kidogo nikaona hacheki tena, analia. Dancille akasimama mulangoni na ungo mukononi.

"Ana mayai mudomoni," Théogène akasema. "Aina hii ya samaki, mama anabeba mayai mu kinywa, na watoto wakitoka kwenye mayai anaendelea kuwabeba. Wiki mbili, tatu, hakuli kitu. Angemeza bugali yako, shemeki, angewameza na wao."

Nikakaa chini. "Na kwa nini hukusema?"

"Wewe unatangaza mimba mbele haijaonekana? Nani kwetu anatangaza?" Akafuta uso kwa mukono wake wa shati. "Raphaël tulimutangaza mapema. Nilimwambia kila muntu njiani."

"Hata mimi hukuniambia," Dancille akasema.

"Wewe zaidi, Dancille. Wewe zaidi ya wote. Kama ingeharibika, nilitaka niijue peke yangu."

Nilitoka nje na muguu wangu, nikawaachia nyumba. Kuna wakati hata shemeki anatakiwa kufunga mudomo.

Basi hali ilikuwa hiyo. Dume amekufa, majike wawili wengine hawana kitu, na mbegu yote ya etangi ya Karuba ilikuwa ndani ya kinywa kimoja kilichofungwa. Kama atatema ao atameza kwa uchovu wa yale maji mabaya, imekwisha, na lile shimo litabaki la tembo kweli. Théogène alipanda majani yake ya Walikale ndani ya muchanga, akaendelea kumimina, na mimi akanirudisha kwetu. "Uende na bugali yako," akasema, lakini kwa upole. Nikasikia kwamba yeye na Dancille walikuwa wanakula nyuma ya nyumba, chini ya mvua, ili kisiingie hata chembe. Nilisali. Nilisalia samaki, mimi, na kama Symphorien angejua angenitungia mahubiri.

Siku ya kumi Symphorien mwenyewe akafika kwangu anapiga kengele ya kinga tangu chini ya kilima. "Théogène anakuita. Amesema usikuje na kitu."

Usikuje na kitu! Kwenda kuona muzazi bila uji, bila kuni, bila hata ndizi mbili? Nilikuwa nimeshatia uji ndani ya chupa bila kufikiri. Nikauweka chini. Nikauchukua tena. Nikauweka. Njiani wanawake waliniuliza ninakwenda wapi, nikasema kwa dada yangu kuna muzazi, wakaangalia mikono yangu mitupu na wakaangaliana. Sijawahi kuona haya namna ile.

Mulangoni Théogène akanisimamisha. "Mikono." Nikaionyesha. Akaigeuza, akachungulia chini ya kucha moja moja. "Ingia."

Yule jike alikuwa katikati ya majani ya Walikale, na mbele ya uso wake kulikuwa na kitu kama ukungu, punje ndogo-ndogo zenye macho, zinatetemeka. Nikainama niangalie vizuri. Mara akafungua mudomo na punje zote zikaingia ndani, zote, mara moja, akafunga.

"Amewala!" nikapiga kelele. "Mama yangu, amewala wote!"

"Wamekuona wewe," shemeki wangu akasema. "Wamekumbuka bugali. Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi nyuma. Akafungua, wakatoka tena, wakacheza mbele ya macho yake. Nikaanza: mumoja, wawili, watatu... Dancille, aliyekaa kwenye kiti kifupi, akanivuta kikwembe. "Usihesabu watoto." Hakuondoa macho kwenye vioo. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama zamani tulipokuwa wasichana. Akanipa kikombe. "Mimina," akasema. Nikamimina juu ya mawe mupaka jua likaenda.

Wiki mbili baadaye wale watoto walikuwa wanajitegemea. Théogène alimuhamisha mama ndani ya beseni peke yake, apumzike na arudishe nguvu bila kuwachafulia maji. Alikuwa amekonda, mashavu yameshuka, kichwa kikubwa kuliko mwili. Shemeki wangu akanipa punje moja ya bugali, ndogo kuliko kucha ya mutoto muchanga.

"Sasa, shemeki," akasema. "Sasa umupe."

Nilimupa. Akaiangalia, akaniangalia, akakula. Nikalia hapo mbele yao wote, na tangu siku ile, kila nikitoa bugali motoni, Théogène anauliza kama nitalia tena.